Kuni, Mafiga na Njia ya Msituni: Historia ya Usalama wa Meko Katika Eneo la Kashuga, Kivu ya Kaskazini

1.0 Utangulizi

Katika mafunzo ya afya yanayotolewa vijijini, somo la kuni huwa fupi. Mpishi huambiwa achague kuni kavu za mti mgumu, azipasue vipande vyembamba, asimwagie moto mafuta ya taa, awaweke watoto mbali na chungu na aupe moshi njia ya kutokea. Ushauri huu ni sahihi. Hata hivyo, ndani yake imejificha dhana moja ambayo haijadiliwi, nayo ni kwamba huyo anayeshauriwa anazo kuni za kuchagua.

Makala haya yanakusudia kuichunguza dhana hiyo kwa kutazama historia ya eneo moja, yaani Kashuga, lililoko kwenye barabara itokayo Mweso kuelekea Kalembe na Pinga, pale ambapo Masisi inakaribiana na Walikale katika jimbo la Kivu ya Kaskazini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ni nchi ya milima yenye mvua nyingi na usiku wa baridi. Moto hapo si wa kupikia tu, bali pia ni wa kuota, wa kukaushia nguo na mazao, na wa kuwakusanya watu wa nyumba moja mahali pamoja jioni.

Hoja yetu ni kwamba usalama wa meko hauanzii mekoni. Unaanzia pale ukuni unapookotwa, nao unategemea mambo matatu: ardhi ambayo mpishi anaruhusiwa kuokota kuni, wakati wa kuziacha kuni hizo zikauke, na njia ambayo anaweza kwenda na kurudi bila kudhuriwa. Wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu. Tutajaribu kuonyesha jinsi mambo hayo matatu yalivyoondolewa moja baada ya jingine katika eneo la Kashuga kwa muda wa miaka zaidi ya mia moja, na kwa nini somo la usalama wa moto lisilotaja historia hiyo humwachia mpishi lawama isiyo yake.

2.0 Ushahidi wa maneno

Kabla ya kugusa historia ya utawala na vita, yafaa tuanze na maneno, kwa sababu lugha huhifadhi kumbukumbu ambazo hazikuandikwa popote.

Neno kuni ni la kale sana. Mzizi unaofanana nao unasikika katika lugha nyingi za Kibantu za Maziwa Makuu: Wanyarwanda husema inkwi, na Waganda husema enku. Vivyo hivyo mafiga. Katika Kinyarwanda mawe hayo matatu ni amashyiga, na katika Kiganda ni amasiga. Katika Buganda neno hilo limevuka mipaka ya jikoni, kwani ukoo hugawanywa katika matawi makubwa ambayo kila moja huitwa essiga, yaani figa. Jiwe linaloshikilia chungu limekuwa jina la tawi linaloshikilia ukoo. Mlingano wa namna hii hauwezi kuwa wa bahati. Unaonyesha kwamba waliozungumza lugha mama ya lugha hizi walikuwa na meko ya mawe matatu na walikuwa na jina la kila kilichohusika nayo.

Neno la tatu lina historia yake pekee. Kiswahili sanifu husema makaa, ilhali Kiswahili cha Kivu husema makala. Sauti /l/ iliyomo katika umbo la Kivu ndiyo ya zamani zaidi. Kiswahili cha pwani kiliidondosha, kama kilivyofanya katika maneno mengine mengi. Msomaji wa Dar es Salaam akiliona neno makala atafikiri juu ya maandishi anayoyasoma sasa, maana kwake neno hilo lina asili ya Kiarabu. Msomaji wa Goma atafikiri kwanza juu ya gunia linalouzwa kando ya barabara. Wote wawili wako sahihi. Lakini huyo wa Goma anatumia umbo la Kibantu lililo la kale kuliko la mwenzake, na hili linafaa kukumbukwa na wale wanaodhani kwamba kila kitofautianacho na sanifu kimeharibika.

Hatimaye kuna mbabula, jiko dogo la makala, ambalo Wanyarwanda huliita imbabura. Mafiga ni ya aliye karibu na msitu au shamba, anayepika kwa kuni alizookota mwenyewe. Mbabula aghalabu ni ya mjini au ya sokoni, ya mtu anayenunua moto wake kwa kopo au kwa gunia. Mwenye kuhama kutoka mafiga hadi mbabula habadilishi chombo tu. Anabadilisha pia uhusiano wake na ardhi, na hapo ndipo historia yetu inapoanzia.

3.0 Ujuzi wa kuchagua

Ni kosa kufikiri kwamba ujuzi wa kuni uliletwa na wataalamu wa majiko. Katika nyanda za juu za Kivu, kama kwingineko, msichana alifundishwa kuni kabla ya kufundishwa kupika. Sayansi ya leo imekuja kueleza sababu za yale ambayo mama zake waliyajua kwa mkono na kwa pua.

Jambo la kwanza ni ukavu. Mti uliokatwa leo huweza kuwa na maji yapatayo nusu ya uzito wake. Anayebeba kilo 20 za kuni mbichi huenda amejitwika kilo 10 za maji. Maji hayo lazima yageuke mvuke kabla ukuni haujawaka vizuri, na joto linalotumika kwa kazi hiyo haliufikii chungu. Mbaya zaidi, moto uliopoozwa na maji hauchomi gesi zote zitokazo kwenye ukuni, na gesi zisizoungua ndizo moshi. Kwa hiyo kuni mbichi hudhuru mara mbili: hutumika nyingi zaidi, na hujaza moshi ndani ya nyumba. Mpishi mzoefu hahitaji kipimo. Ukuni mkavu ni mwepesi kuliko unavyoonekana, una nyufa kwenye ncha zake, ganda lake linabanduka, na ukigonganishwa na mwenzake hulia kwa sauti kali. Ule mbichi hulia kwa sauti nzito isiyoenda mbali.

Jambo la pili ni aina ya mti. Mti laini huwaka upesi na kwisha upesi, unafaa kuwashia. Mti mgumu huwaka polepole na kuacha makaa ya kudumu, nao ndio unaofaa kwa maharagwe, ambayo ni chakula cha kila siku Masisi, na kwa sombe, ambayo haina budi kutwangwa na kuchemshwa vya kutosha ili sumu ya majani ya muhogo ipungue. Mwati, mti wa kigeni uliopandwa sana katika nyanda za juu, hutoa kuni nzuri na makaa mazuri. Mkaratusi hukua haraka na huwaka kwa moto mkali, lakini hurusha cheche na unahitaji kukaushwa vizuri. Mnyaa, unaopandwa kuwa ua, una utomvu unaochoma macho na ngozi. Haufai kuingizwa jikoni.

Jambo la tatu ni kuutunza moto. Katika mafiga kuni husukumwa kutoka nje kuelekea kati, ncha tu ndizo zinazokutana, na hewa hupita katikati yake. Chungu kikiiva, vijinga huvutwa nje na kuzimwa ili vitumike kesho. Kwa njia hiyo mpishi huutawala moto kwa mkono wake, saa kwa saa. Wapimaji wa majiko wameonyesha kwamba katika matumizi ya kawaida mafiga hupeleka kwenye chungu asilimia 10 hadi 20 tu ya joto la kuni. Lakini wameonyesha vilevile kwamba tofauti kati ya mpishi mmoja na mwingine ni kubwa. Kinachopimwa pale ni jiko pamoja na ujuzi.

Ujuzi huu wote una sharti moja. Ili kuchagua, ni lazima pawe na kingi cha kuchaguliwa. Aokotaye tawi lililokauka juu ya mti na kuliacha lile bichi anaweza kufanya hivyo kwa sababu msitu ni mkubwa na atarudi tena mwezi ujao. Tuangalie sasa jinsi sharti hilo lilivyovunjwa.

4.0 Figa la kwanza: ardhi

Tarehe 1 Julai 1885, utawala wa Mfalme Leopold II ulitangaza kwamba ardhi zote zilizo tupu katika Dola Huru ya Kongo ni mali ya dola. Swali ni hili: ardhi tupu ni ipi? Shamba huonekana, na nyumba huonekana. Lakini mwanamke anayeokota matawi makavu haachi alama yoyote nyuma yake. Kazi yake ikifanywa vizuri, msitu hubaki kama ulivyokuwa. Machoni mwa mwandishi wa sheria, mahali palipotunzwa hivyo palionekana kuwa mahali pasipo mtu. Tunaweza kusema kwamba haki ya kuokota kuni ilipotea mapema kwa sababu ilikuwa haki isiyoharibu kitu.

Yaliyofuata yalijengwa juu ya msingi huo. Mwaka 1925 ilianzishwa Hifadhi ya Taifa ya Albert, ambayo leo ni Hifadhi ya Virunga, upande wa mashariki. Mwaka 1928 iliundwa Kamati ya Taifa ya Kivu, iliyopewa mamlaka ya kugawa ardhi kwa walowezi wa Kizungu. Kuanzia 1937 hadi 1955, mpango wa serikali ya Ubelgiji wa kuwahamisha Wanyarwanda uliwaleta Masisi na maeneo jirani watu wapatao 85,000, wa kwanza wao wakianzia Gishari, katika himaya hiyo hiyo ya Bashali ambamo Kashuga imo. Wahamiaji hawa hawakujileta, na wenyeji Wahunde hawakuulizwa kwa namna ya kuweza kukataa. Watu wawili, mgeni na mwenyeji, waliwekwa kwenye kilima kimoja na kila mmoja akahitaji mzigo wa kuni kila baada ya siku chache.

Baada ya uhuru mambo hayakurekebishwa. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya dola, na ikaahidi kwamba haki za kimila zingeelezwa baadaye kwa amri ya Rais. Amri hiyo haikutolewa. Katika pengo hilo, waliokuwa na fedha na marafiki mjini waliandikishiwa ardhi kubwa za malisho. Sehemu kubwa ya misitu ya Masisi iligeuka nyasi za ng'ombe, ambazo wageni huzisifu kwa uzuri wake. Ni nzuri kweli kuzitazama, lakini nyasi hazipikiki. Kanuni ya Misitu ya tarehe 29 Agosti 2002 ilikuja kuzitambua haki za wananchi za kutumia misitu kwa mahitaji ya nyumbani. Lakini kuutambua msitu kwenye karatasi hakuurudishi kilimani.

Kwa hiyo, tangu miaka ya 1970, wakulima wengi wa Masisi walikuwa wakiokota kuni kwenye vichaka vya pembezoni, kwenye miti ya mashambani, au kwa ruhusa ya mwenye malisho. Uchaguzi ulikuwa umeanza kuwa mfinyu kabla hata risasi ya kwanza haijalia.

5.0 Figa la pili: wakati

Mwezi Machi 1993 mauaji yalianza Ntoto, katika Walikale, yakaenea hadi Masisi. Mwaka uliofuata, mwezi Julai 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, wakimbizi waliingia eneo la Goma; Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi liliwahesabu kuwa wapatao 850,000. Kambi ziliwekwa Mugunga, Kibumba, Katale na Kahindo, kando kabisa ya Hifadhi ya Virunga. Kila familia ilihitaji kupika. Miti ikakatwa mbichi, kwa maelfu ya tani, na mwaka huo huo Shirika la UNESCO liliiingiza hifadhi hiyo katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini.

Tumetaja Goma kwa sababu ndiko kulikoonekana kwa mara ya kwanza, kwa ukubwa uliowashtua walimwengu, jambo ambalo baadaye likawa la kawaida Kashuga: watu wengi kuishi mahali pamoja bila kujua kama watalala hapo kesho. Mapigano ya miaka ya 2006 hadi 2009, kisha yale yaliyoanza mwaka 2012, yaliwaleta Kashuga na Mweso wakimbizi wa ndani waliojenga vibanda vya miti, nyasi na maturubai. Vita vya M23 vilivyozuka upya mwishoni mwa mwaka 2021 vilifika Kitchanga mwezi Januari 2023, na mwaka 2024 vikafika Mweso na Kalembe. Wenyeji wa Kashuga waliokuwa wakiwapokea wageni nao wakakimbia.

Sasa, kuni zinahitaji nini? Zinahitaji kukaa. Ukuni uliopasuliwa na kupangwa mahali penye upepo na paa huchukua miezi sita au zaidi kukauka vizuri. Katika nchi ya Kashuga, ambako kiangazi kirefu ni cha Juni hadi Agosti, mwenye busara hukata mapema ili mvua za Septemba zimkute na lundo lake ndani. Lundo la kuni kavu ukutani ni alama ya mtu anayetarajia kuwapo mwakani. Ni akiba, kama ghala la mahindi. Mkimbizi hawezi kulibeba. Huliacha kwa yeyote atakayefika baada yake, na huko aendako huanza na kuni mbichi za siku hiyo hiyo.

Hapa tunapata maelezo ya kihistoria ya moshi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020, vikiwamo vya watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya umri wa miaka mitano. Katika nyumba isiyopitisha hewa, chembe ndogo za moshi huweza kuzidi kiwango kinachokubalika mara 100. Takwimu hizi kwa kawaida hutolewa chini ya kichwa cha umaskini au cha ujinga. Kwa Kashuga ingefaa kuongeza kichwa cha tatu, yaani kufukuzwa. Mama anayepikia kuni mbichi ndani ya kibanda hajasahau alichofundishwa. Amenyang'anywa miezi sita.

Biashara ya makala nayo inakula wakati. Katika tanuri la udongo la kienyeji huhitajika kilo 5 hadi 10 za mti ili kupata kilo moja ya makala. Goma ni soko kubwa lililo karibu, na mkulima asiye na uhakika wa kuvuna alichopanda huona heri auze mti wake ukiwa mchanga kuliko kuusubiri. Mpango wa EcoMakala, ulioanzishwa na WWF mwaka 2007, ulijaribu kuwapa wakulima wa kuzunguka Virunga sababu ya kusubiri, kwa kuwasaidia kupanda miti ya kuni na makala katika mashamba yao wenyewe. Wazo hilo ni zuri, lakini mti haukui haraka kuliko vita vinavyorudi.

6.0 Figa la tatu: njia

Limebaki jambo la tatu, ambalo ni zito kuliko yote. Katika vitabu vya usalama wa moto, hatari huhesabiwa kuanzia pale kiberiti kinapowashwa. Kwa mwanamke wa Masisi hatari kubwa huwa imekwisha pita, au imekwisha tokea, kabla hajafika nyumbani.

Madaktari Wasio na Mipaka wamearifu kwamba mwaka 2023 walishirikiana na Wizara ya Afya ya Kongo kuwatibu watu zaidi ya 25,000 waliofanyiwa ukatili wa kijinsia nchini humo, na walio wengi sana walikuwa wa Kivu ya Kaskazini. Wengi wa waliotibiwa katika kambi za kuzunguka Goma walieleza kwamba walishambuliwa walipokwenda kutafuta kuni au chakula. Hili si jambo la Goma peke yake wala la mwaka huo peke yake. Ni habari iliyorudiwa na mashirika ya kibinadamu katika Masisi kwa miaka mingi.

Kuna pia neno linalostahili kuangaliwa na wanafunzi wa lugha, nalo ni salongo. Wakati wa utawala wa Mobutu salongo ilikuwa kazi ya lazima ya umma, kama kufyeka barabara au kulima shamba la kijiji. Katika miaka ya vita makundi yenye silaha huko Masisi yalilichukua neno hilo na kulitumia kwa kazi ya shuruti wanayowatwika raia: kubeba mizigo, kujenga vibanda vya askari, kuwachotea maji na kuwaletea kuni. Yaani pamoja na kuni za nyumbani kwake, raia alitakiwa aokote kuni za yule anayemzuia kwenda msituni.

Mambo haya hubadilisha uchaguzi wa kuni kwa namna inayoweza kufuatiliwa hatua kwa hatua. Anayeogopa njia ndefu huokota karibu. Karibu hapana mti mkavu, kwa sababu wote wanaoogopa wameokota hapo hapo. Hubaki vichaka vibichi, mizizi, mabua ya mahindi, vipande vya mbao zilizopakwa rangi, na pengine plastiki ya kuwashia. Vitu hivi ndivyo vinavyotoa moshi wenye sumu zaidi. Hivyo basi, askari aliyesimama kwenye kona ya njia anaweza kuwa sababu ya kikohozi cha mtoto aliye umbali wa kilomita tano kutoka kwake, ingawa hakuna daktari atakayemwandika kwenye cheti.

7.0 Yaliyobaki mikononi mwa mpishi

Msomaji asidhani tunasema kwamba ushauri wa mekoni hauna maana mpaka amani ije. Kinyume chake, kadiri kuni zinavyopungua na kuharibika, ndivyo ujuzi wa kuzitumia unavyozidi kuwa na thamani. Tunachosema ni kwamba ushauri huo upangwe kwa kuanzia hali halisi ya mpishi.

Asiye na kuni kavu anaweza angalau kuzipasua nyembamba, kwani ukuni uliopasuliwa hukauka upesi kuliko gogo, na kuzisimamisha karibu na meko, si juu ya moto wala mahali zinapoweza kushika moto usiku. Maharagwe yakilowekwa tangu jioni huiva kwa kuni chache zaidi. Chungu kifunikwe. Moto ukiwa mdogo na mkali ni bora kuliko moto mkubwa unaofuka. Mafiga yasitolewe mtoni, kwa maana jiwe lililonyonya maji huweza kupasuka kwa joto na kurusha vipande. Mawe yasimame imara na kwa urefu unaolingana, maana chungu kinachoyumba ndicho kimwagikacho, na maji ya moto huunguza watoto kama moto wenyewe.

Mbabula ina hatari yake ambayo haionekani. Makala yakishika vizuri hayatoi moshi, na kwa sababu hiyo watu hudhani hayana madhara, wakayaingiza chumbani usiku wa baridi na kufunga mlango. Lakini hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu wakiwa usingizini. Katika nchi ya baridi kama Masisi onyo hili linapaswa kutangulia mengine yote: makala yanayowaka yasilale na watu.

Katika kambi, ambako kibanda hugusana na kibanda, meko iwe nje au mbali na turubai, na majivu yamwagiwe maji kabla ya kutupwa, kwani kaa moja chini ya majivu huweza kuishi hadi kesho. Mafuta ya taa au petroli yasimwagwe kamwe juu ya makaa. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20, asipakwe mafuta, dawa ya meno wala unga, kisha apelekwe kwa mganga wa hospitali.

Maagizo haya hayahitaji fedha. Lakini hakuna hata moja linaloweza kuziba nafasi ya mafiga matatu tuliyoyataja.

8.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba historia ya meko ya Kashuga ni historia ya kupungua kwa uchaguzi. Sheria ya 1885 na zile zilizoifuata ziliondoa ardhi. Kukimbia kwa mara kwa mara kuliondoa wakati. Silaha ziliondoa njia. Mwishoni akabaki mama, mawe matatu na kuni mbichi, na watu wakamfundisha jinsi ya kuchagua.

Yako matokeo mawili ya kuzingatiwa. La kwanza ni la kiutendaji. Mti uliopandwa nyuma ya nyumba, juu ya ardhi ambayo mwenyewe anajua hatanyang'anywa, ni kinga ya mapafu, ya macho na ya mwili wa anayeokota. Kwa hiyo suala la hatimiliki ya mkulima mdogo wa Masisi ni suala la afya, na ulinzi wa njia za kuokotea kuni uhesabiwe miongoni mwa kazi za kinga ya magonjwa.

La pili linatuhusu sisi wa vyuo vikuu. Kamusi zetu zimeorodhesha vizuri maneno ya dau na jahazi, kwa sababu waliozitunga walikuwa na pwani mbele yao. Maneno ya meko ya Kivu, kama vile majina ya kuni kwa ukavu wake, ya miti kwa moto wake, na ya vijinga, makala na majivu kwa hatua zake, hayajakusanywa kwa kiasi kinachostahili. Wanaoyajua zaidi ni wanawake wazee ambao wengi wao wamehamishwa mara nyingi, na wajukuu wao wamekulia kwenye makambi ambako kuni ni kuni tu, yaani chochote kinachoshika moto. Lugha inapopoteza tofauti kati ya ukuni na ukuni, huwa tayari kuna mtu aliyepoteza uwezo wa kuchagua. Kuyakusanya maneno hayo mapema hakutawakaushia kuni, lakini kutawasaidia wajukuu kujua, siku watakaporudi Kashuga, nini cha kuokota na nini cha kuacha.